Jani kujikinga na jua: akili ama woga?

Wiki iliyopita nimetoa miche ya pilipili chini ya muavokado, hapa kwetu Muhungu, nikaipanda palepale kwenye parsele saa tano ya mchana, na jua ya Bukavu mvua ikishakatika munaijua. Siku ya tatu majani ya juu yako na mabaka meupe, makavu, ukiyafinya yanavunjika kama ngozi ya kitunguu. Yaya wangu, yule aliyenitangulia kuzaliwa, ni agronomu, alicheka tu: "Hukuizoesha jua." Sawa, lakini ubishi wetu njo ulianzia hapo: jani linavyojikinga na jua, ni akili ama ni woga?

Saa sita jani linapokea mwanga mwingi kuliko kloroplasti, kale kajumba ka kijani kanakotengeneza chakula ndani ya jani, inavyoweza kutumia, na ile ziada ikibaki inazaa oksijeni yenye ukali, inaharibu kila kitu karibu yake. Protini moja inaitwa PsbS inasikia asidi ikipanda mule ndani, basi pamoja na rangi ya njano, zeazantini, zinageuza ile ziada kuwa joto, inatoka. Hiyo isipotosha, anayeumia ni D1, protini iliyo katikati ya fotosistemu ya pili, mtambo wa kunasa mwanga unaopeleka umeme kwa mwenzake, fotosistemu ya kwanza. D1 ikivunjika kuna nyingine, FtsH, inaikatakata na kuitoa, mpya inaundwa, inaingizwa, na jua ikiwa kali hii kazi ni mchana kutwa. Kwa miche yangu iliyozoea kivuli, naona kuvunjika kulikimbia kuliko kutengeneza.

Sasa, kuna wanaosema mmea ni mwoga kupita kiasi. Wingu likitoka upande wa ziwa likafunika jua, jani linaendelea kutupa mwanga dakika nyingi sana, kama mama wa Kadutu ambaye mvua imeisha kitambo na bado nyanya zake ziko chini ya shitingi, wateja wanapita. Mu 2016 watafiti wa Illinois, kule Marekani, waliongeza nguvu ya jeni tatu za huu ulinzi kwenye tumbaku, uzito wa mmea ukapanda asilimia 14 mpaka 20. Mu 2022 wakaleta soya, mbegu ziliongezeka hadi 33 kwa mia kwenye aina moja. Na hapa watu wengi wanaelewa vibaya: hawakuondoa ulinzi ata kidogo, waliufanya uwake haraka na uzimike haraka.

Yaya hataki kusikia. Na ana haki, juu jeni zilezile zilipowekwa kwenye Arabidopsi, kale kammea ka maabara, kalikua pole kuliko kawaida, viazi navyo havikuzaa zaidi, na ile soya mwaka mwingine ililazwa chini na dhoruba, faida haikuonekana. Tena ana hoja nyingine ambayo mimi naiona njo nzito kuliko zote: D1 kuvunjika si hasara tupu, ni kama fyuzi. Ikikatika, umeme haufiki kwa wingi kwenye fotosistemu ya kwanza, na ile ikiungua kupona kwake ni siku nyingi, si saa. Sasa wewe utaweka fyuzi ngumu ili nyumba iungue?

Mi naona tunabishana juu ya mahali, si juu ya protini. Huku juu, mawingu yanapita asubuhi mpaka jioni, kuzima haraka kuna maana, ningependa nione soya ya namna hiyo Kabare. Lakini shuka Kamanyola, kwenye bonde la Ruzizi, mu juni, wingu hakuna, jua na joto tangu saa tatu: kule jani litaharakisha kuzima nini? Kule ningekamata na fyuzi ya yaya.

Miche iko imebaki kumi na miwili. Naitoa nje saa moja ya asubuhi, saa mbili nairudisha chini ya muavokado. Kesho itafika saa tatu.