Muacheni paa aongee na watoto mwenyewe

Kuna kitu kinanichosha kwenye vitabu vingi vya picha tunavyowanunulia watoto siku hizi. Picha nzuri kabisa, rangi zinawaka, mtoto kazama na tembo wake anayeongea, halafu anafika ukurasa wa mwisho anakuta "hadithi hii inatufundisha tuwe na huruma". Yaani alikuwa huko ndani anaogopa, anacheka, tunamvuta mkono tunamrudisha darasani. Mi naona huruma haiingii hivo. Na matumaini ndo kabisa, huwezi kumwambia mtoto awe na matumaini akawa nayo, inabidi amuone mtu aliyekosa kila kitu halafu mambo yakamfungukia, na aanze kumpenda huyo mtu kabla hayajafunguka.

Chukua hadithi yetu wenyewe, ile ya Haamdani na paa. Ilisimuliwa Zanzibar, Askofu Edward Steere akaiweka kwenye maandishi ikachapwa London mwaka 1870. Haamdani ni maskini wa kutupwa, ameombaomba mpaka watu wamemchoka, kila siku yuko jaani anachakura punje za mtama. Siku anaokota thumni, kisarafu kidogo tu, anamsimamisha muuza paa anayepita, watu wanamwambia yule muuzaji asijisumbue na huyo hana kitu, yeye anatoa thumni yake yote ananunua paa. Na zile punje chache anazookota anagawana naye. Hapo mtoto keshauona wema, na hakuna mtu aliyeutaja.

Halafu paa anaongea! Hapo ndo macho ya watoto yanatoka. Anaenda malishoni anaokota almasi, anampelekea sultani kama zawadi kutoka kwa bwana wake, anamposea binti wa sultani, anaenda mpaka kwenye jumba la nyoka mwenye vichwa saba anavikata kimoja kimoja kwa upanga, yote hayo ili Haamdani apate mke na nyumba. Paa naye anadanganya njiani, nakubali, anamwambia sultani bwana wake kavamiwa na wanyang'anyi ndo maana hana nguo. Lakini linganisha na sungura wetu, ambaye nampenda sana, ila ujanja wake karibu wote ni wa tumbo lake mwenyewe. Wa paa ni wa mtu mwingine.

Sasa sehemu ambayo watu wazima wengi wangeikata. Paa anaugua. Haamdani, tajiri sasa, anaambiwa mara ya kwanza, mara ya pili, anasema mpikieni uji wa mtama. Mkewe hataki kuamini, maana huyu paa ndo alimleta pale, basi anamtumia wali na maziwa kwa siri. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Usiku mke anaota yuko nyumbani kwa baba yake, akiamka yuko kweli. Haamdani anaota anachakura jaani, akiamka yuko jaani.

Nimewasomea watoto wa kwetu hii hadithi na hasira walizokuwa nazo kwa Haamdani sijawahi kuziona kwenye kitabu chochote chenye funzo mwishoni. Mmoja akauliza, kwani amesahau zile punje walizokuwa wanakula wote? Sikuwa na la kuongeza, mtoto keshafika mwenyewe.

Na asingefika kama ingekuwa hadithi ya mfanyakazi wa ndani aliyeugua bosi wake akampuuza. Hayo yapo, mtoto anayaona kwa jirani, lakini akiyasoma atayachukulia ni mambo ya wakubwa, ameshazoea kuambiwa asiyaingilie. Paa ni wa kwake. Akimpenda paa anapata ruhusa ya kukasirikia dhuluma bila kuogopa kwamba anamkosea adabu mkubwa fulani. Ndo maana siwaelewi wazazi wanaosema wanyama wanaoongea ni uongo, au nyoka wa vichwa saba ni mambo ya kichawi tusiwaingizie watoto vichwani. Mtoto wa miaka mitano anajua vizuri sana kwamba mbuzi wa nyumbani haongei, na bado anaongea naye kila jioni.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1901 watoto wa Marekani walishapata hadithi hii kwa Kiingereza, kitabu kimechapwa Chicago, kina michoro na kila kitu. Wa kwetu wengi ninaokutana nao hawajawahi hata kumsikia Haamdani. Na sio kwamba njia hakuna. Tanzania tuna Mradi wa Vitabu vya Watoto toka 1991, ambao ulikuwa unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni ili mchapishaji asiogope hasara. Kuna African Storybook ya Afrika Kusini, hadithi za picha za bure, Kiswahili kimo, unazipakua kwenye simu na unaruhusiwa hata kutafsiri upya. Wachoraji ndo usiseme, ingia mtandaoni uone vijana wa Dar na Mombasa wanavyochora.

Kwa hiyo nyie wachoraji, naomba mtuchoree paa. Jaa lichoreni lilivyo, na vumbi lake, msilifanye zuri. Nyoka awe wa kutisha kweli. Kile chakula anachotuma mke kwa siri kipeni kurasa mbili nzima, maana bwana mwenye nyumba kasahau na yeye ndo aliyekumbuka. Na paa afe, tafadhali, msimponye. Ukurasa wa mwisho msiandike kitu, maswali yao tutayajibu sisi tunaosoma nao.