Abiria peke yao hawatajaza maduka ya stesheni

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema maghorofa yenye maduka chini na makazi juu kuzunguka stesheni ya SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, hapa Dodoma yatajiendesha yenyewe kwa sababu abiria ni wengi. Hapo sikubaliani naye kabisa. Abiria anayeshuka kutoka Dar ana begi mkononi na simu sikioni, anatafuta bajaji, na baada ya muda mfupi eneo lote limebaki tupu mpaka treni nyingine iingie. Anayelisha duka ni mkazi, yule anayenunua mkate asubuhi na nyanya jioni. Kwa hiyo nyumba zitangulie, tena za kodi ambayo mwalimu na nesi wanaimudu. Mpango kabambe wa mwaka 1976 wa kuijenga Dodoma kama mji mkuu uliwatanguliza watembea kwa miguu na mabasi, lakini sehemu nyingi tumeishia kwenye viwanja vikubwa vyenye kuta ndefu, unatembea juani hukuti hata kibanda cha maji. Na jua letu, ukiongeza ule upepo wa vumbi wa Agosti, si la kubezwa: bila miti na baraza zenye kivuli watu watapanda bodaboda hata kwa mita mia tatu. Halafu mama lishe na wauza zabibu watengewe vizimba kwenye ramani tangu mwanzo, maana wakisubirishwa mpaka majengo yaishe huwa wanaishia kufukuzwa. Mnaoishi kata za Mkonze na Nkuhungu hapa Dodoma, treni ya alfajiri mnaiwahi kwa usafiri gani?