Kifuko cha Maji Mgongoni: Kitolewe Chote au Kifunguliwe Tu?

Mgonjwa wa Newala au Masasi akiambiwa ana kifuko cha maji kinachobana uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, swali la kwanza la ndugu huwa moja: watakitoa chote? Nawaelewa. Kutoka Mtwara hadi MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa neva pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500, na nauli mara nyingi husubiri mnada wa korosho. Nani anataka kupasuliwa mara mbili?

Tatizo ni kwamba uti haujui habari za nauli. Kifuko hicho huitwa cha araknoidi, kwa jina la utando laini unaouzunguka uti, na ukuta wake ni mwembamba kama utando wa buibui, na mara nyingi ukuta huo umegandamana na uti wenyewe. Daktari hukata mfupa wa nyuma wa pingili, akapasua gamba linalofunika uti, kisha chini ya hadubini anaamua: aubandue ukuta wote, au akate dirisha pana ili maji yaliyonaswa yaungane na yale yanayouzunguka uti. Kubandua wote kunapunguza hofu ya kifuko kujaa tena. Lakini akivuta pasipovutika, mtu aliyeingia akichechemea anaweza kutoka hasimami, au mkojo haumzuiliki. Dirisha ni salama zaidi kwa uti, ingawa huweza kuziba.

Mimi naegemea dirisha, pale ukuta ulipoganda. Kifuko kilicho nje ya gamba ni habari nyingine: hicho kwa kawaida hutoka kizima, mradi tundu lililokuwa likipitisha maji lishonwe.

Kuna pia wanaosifu sindano: hakuna kidonda kikubwa, maji yananyonywa, basi. Sindano haizibi tundu, na kifuko hujaa tena kwa urahisi. Kwa mtu wa Tandahimba huo ni unafuu wa bei ghali.

Swali ambalo ndugu hawaliulizi ni kama kifuko chenyewe kinabana kweli. Vingine huonekana kwa bahati tu, picha ya MRI ikipigwa kwa sababu ya maumivu ya kawaida ya mgongo ya kuinama shambani. Miguu ikiwa na nguvu na ganzi hakuna, daktari huweza kukiacha na kukifuatilia.

Na hata aliyetolewa chote ataitwa tena kupigwa picha. Safari ya pili ya Dar ipo tu, kwa hiyo nauli yake itengwe msimu huohuo wa korosho.