Kocha Mkongwe Ataje Siku Kwanza, Mrithi Baadaye

Kila Machi, mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani yakipamba moto, mashabiki wa chuo cha Michigan State huanza kuulizana habari za kocha wao, Tom Izzo: mzee ataondoka lini? Kabla hilo halijajibiwa wanarukia la pili: nani atamrithi? Msaidizi wake? Mchezaji wake wa zamani? Mtu wa nje mwenye jina kubwa? Mjadala wote unamezwa na majina, maana majina ndiyo matamu. Mimi nimeng'ang'ania swali la kwanza. Chuo chenye kocha mzee na mashuhuri kianze na tarehe. Tarehe ijulikane, iwe karibu, na ikishatajwa isiguswe tena. Jina litapatikana tu.

Anayefuatilia NBA pekee, ile ligi ya kulipwa, anaweza kushangaa kwa nini kocha mmoja awakoseshe watu usingizi. Kule ukifungwa mechi kumi mfululizo unafungashiwa virago na kesho yake yupo mwingine. Vyuoni ni kinyume: wachezaji ni wapangaji, kocha ndiye mwenye nyumba. Kijana hodari anakaa mwaka mmoja au miwili, anakwenda zake. Jim Boeheim alikaa Syracuse misimu 47. Mike Krzyzewski alikaa Duke misimu 42. Kocha ndiye anayekwenda kuketi sebuleni kwa mzazi na kumwambia mwanao niachie mimi. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa kikapu au wa ule mpira wao wa Kimarekani. Mtu wa aina hiyo hafukuzwi kirahisi, na rais wa chuo atakayemuuliza usoni "unaondoka lini?" anajitafutia ugomvi na wafadhili.

Sisi Tanzania tulianza kuwajua hawa wazee kupitia Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, akaenda Connecticut mwaka 2006 kuchezea timu ya Jim Calhoun. Mechi yake ya mwisho ya chuo ilikuwa Aprili 4, 2009, hatua ya nne bora, Ford Field mjini Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000. Connecticut walifungwa 82-73 na Michigan State ya huyu huyu Izzo. Wakati ule macho yetu yote yalikuwa kwa Thabeet, makocha tuliwapita tu. Nikiitazama mechi ile leo naona kitu kingine: kwenye benchi moja yupo Izzo mwenye miaka 54, kwenye la pili yupo Calhoun anayekaribia 67, ambaye mwezi uliotangulia alikosa mechi ya kwanza ya mashindano kwa kuwa alikuwa hospitali, mwili umeishiwa maji. Dalili zilikuwapo. Bado alifundisha misimu mingine mitatu, na mwaka 2011 akachukua ubingwa wake wa tatu. Utamwambia nini mtu huyo?

Agosti 2012 Calhoun alianguka na baiskeli akavunjika nyonga. Septemba 13 akatangaza kustaafu, akiwa na miaka 70, wiki chache kabla ya mazoezi kuanza. Mwezi huo makocha wote wanaofaa wana timu zao na hakuna anayeachia. Kilichobaki ni kumpa kazi Kevin Ollie, msaidizi wake na mchezaji wake wa zamani, ambaye Calhoun mwenyewe alimtaka. Chuo kikampa mkataba wa miezi saba. Saba! Sisemi mzee alifanya hila, nyonga ilivunjika kweli. Lakini ukiondoka Septemba umeshapiga kura kwa niaba ya kila mtu.

Na hakuwa wa kwanza. Oktoba 9, 1997 Dean Smith wa North Carolina, mwenye ushindi 879, rekodi ya wakati ule, aliaga siku chache kabla ya mazoezi. Kazi ikaenda kwa Bill Guthridge, aliyekaa pembeni yake miaka 30. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtu mwaminifu, na sina neno baya juu ya Guthridge: misimu mitatu, nne bora mara mbili. Ollie naye alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2014. Hapo ndipo wanaoupenda mtindo huu hunicheka, na wana haki.

Ila wasiishie hapo. Guthridge alipokea timu akiwa na miaka 60, mwaka 2000 akachoka, na chuo kikajikuta palepale kilipokuwa 1997, safari hii bila mtu mkononi. Wakamwita Roy Williams kutoka Kansas, akakataa. Wakampa Matt Doherty, na msimu wa 2001-02 North Carolina ikashinda mechi 8 na kufungwa 20, jambo ambalo watu wa Chapel Hill, mji wa chuo hicho, hawajalisahau mpaka leo. Williams alikubali 2003, akaleta ubingwa wa 2005, 2009 na 2017. Connecticut nako, Ollie alifukuzwa 2018 katika ugomvi uliokwenda mpaka kwa msuluhishi, na chuo kikaamriwa kumlipa zaidi ya dola milioni 11. Akaja Dan Hurley, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa Calhoun, akabeba ubingwa wa 2023 na 2024. Hesabu mwenyewe: 1997 mpaka 2003, 2012 mpaka 2018. Vyuo vyote viwili vilimpata mrithi wa kweli baada ya miaka sita. Kuondoka ghafla hakukuondoa kazi ya kutafuta, kuliisogeza mbele tu.

Sasa Syracuse, na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu wao tarehe walikuwa nayo.

Machi 2015 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilikiadhibu chuo kwa makosa ya miaka mingi. Boeheim akafungiwa mechi tisa na sehemu ya ushindi wake ikafutwa. Ikatangazwa kwamba ataondoka baada ya miaka mitatu. Juni mwaka huohuo Mike Hopkins, aliyecheza pale na kuwa msaidizi kwa karibu miaka 20, akatajwa rasmi kuwa mrithi. Kwenye karatasi ni mpango safi kabisa, una jina, una mwaka, na mrithi ni mtoto wa nyumbani. Desemba Hopkins akashika timu kwa zile mechi tisa za adhabu: akashinda nne, akafungwa tano. Boeheim akarudi, na timu hiyohiyo ikaenda mpaka nne bora ya 2016.

Sasa wewe ndiye Hopkins. Umebakiza miaka miwili ya kusubiri. Umejaribiwa hadharani ukaonekana wa kawaida. Mzee amerudi na kufanya maajabu na kundi lilelile, na uwanja mnaochezea umeandikwa jina lake sakafuni. Nani hapo anaamini kwamba 2018 ataondoka kweli? Machi 2017 Hopkins alikwenda zake Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na siku hiyohiyo Syracuse ikatangaza kwamba Boeheim ataendelea kupita 2018. Tarehe ilikufa kimyakimya na hakuna aliyeweka nyingine.

Kilichofuata kilikuwa kujikokota. Msimu wa 2021-22, akiwa na wanawe wawili kikosini, Boeheim alipata msimu wake wa kwanza wa kufungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, 16 kwa 17. Machi 8, 2023, Greensboro, Wake Forest wakawafunga 77-74 kwa mtupo wa pointi tatu mwishoni kabisa mwa mchezo. Mzee wa miaka 78 akaketi mbele ya waandishi, wakamuuliza kama huo ndio mwisho. Akajibu kwamba hilo ni la chuo, halafu akadokeza kuwa hotuba ya kuaga alishaitoa siku chache nyuma na hawakuishtukia. Waandishi wakabaki wanatazamana. Saa chache baadaye chuo kikatoa taarifa: kocha mpya ni Adrian Autry, naye mchezaji wa zamani na msaidizi. Ushindi zaidi ya elfu moja, ubingwa wa 2003 pamoja na Carmelo Anthony, na mtu anaagwa kwa taarifa ya mtandaoni.

Sidai kwamba Hopkins angekuwa mkombozi. Kule Washington alianza kwa kishindo, akachaguliwa kocha bora wa ligi mara mbili mfululizo, na 2024 akafukuzwa. Huenda angeanguka Syracuse vilevile. Lakini wangejua mapema, 2018 au 2020, badala ya kupoteza miaka mitano wakimsubiri mzee aamke siku moja na kusema imetosha. Autry alipokea timu iliyokwisha pungua nguvu, na misimu yake miwili ya mwanzo hakufika mashindano ya taifa.

Duke walifanya kwa miezi kumi. Juni 2, 2021 Krzyzewski alisema msimu unaofuata ni wa mwisho, na Jon Scheyer, aliyekuwa na miaka 33, akatajwa mrithi. Scheyer akaanza kusajili papo hapo, na kabla hajaongoza rasmi mechi hata moja kama kocha mkuu alikuwa amekwisha kusanya kundi la vijana lililopewa nafasi ya kwanza nchini. Gharama ilikuwapo. Msimu mzima uligeuka sherehe ya kuaga, na mimi sherehe za namna hiyo hunichosha. Machi 5, 2022, usiku wake wa mwisho pale Cameron, uwanja wa nyumbani wa Duke, wachezaji wa zamani karibu mia wamejipanga jukwaani, North Carolina wakaja wakashinda 94-81. Krzyzewski akachukua kipaza sauti kabla ya hafla, akawaomba radhi watu wake, akasema mchezo ule haukubaliki. Mwezi mmoja baadaye, nne bora ya New Orleans, walewale North Carolina wakammaliza kabisa, 81-77. Waliongozwa na Hubert Davis, naye mrithi aliye katika msimu wake wa kwanza!

Basi, ndiyo, ilikuwa aibu ya usiku mmoja. Scheyer alifika nne bora 2025. Ningekuwa rais wa chuo ningeichukua aibu hiyo bila kupunguziwa bei.

Kuna njia nyingine ambayo leo haiwezekani kisheria, ila naisifu kimoyomoyo. Mwaka 1972 Kentucky ilimwondoa Adolph Rupp kwa kanuni ya kustaafu ukifika miaka 70. Hakutaka, alipambana, kanuni ikamshinda. Joe B. Hall akapokea na kuleta ubingwa wa 1978. Hakuna aliyelazimika kumwambia mzee neno gumu, kalenda ndiyo iliyosema.

Utetezi wa kuficha tarehe ni mmoja tu, na zamani ulikuwa na maana: usajili. Kocha mpinzani akijua unaondoka, anakwenda kwa mama wa kijana wa miaka 17 na kumwambia, "Mama, yule mzee mwanao hatamkuta mwaka wa pili." Kwa hiyo kila kocha wa miaka 65 aliapa kwamba ana nguvu za kufika 80. Lakini tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 anaweza kuhama hata mara nne mradi masomo yako sawa. Kocha akibadilika, vijana hawakawii kufungua milango. Hakuna tena anayesajiliwa kwa ahadi ya miaka minne, timu inaundwa upya kila masika. Ukificha tarehe unamficha nani? Kinachowabakiza vijana sasa ni kumjua mapema atakayewafundisha mwakani.

Kuna Geno Auriemma pia, wa timu ya wanawake ya Connecticut, aliyezaliwa 1954, mwenye ubingwa mara 12, na msaidizi wake mkuu Chris Dailey amekuwa naye tangu walipofika pamoja mwaka 1985. Huko sijui hata ningeanzia wapi, maana wawili wale ni kitu kimoja.

Izzo ni rahisi zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe ni zao la jambo ninalolisema. Alimsaidia Jud Heathcote kuanzia 1983. Heathcote akatangaza kwamba msimu wa 1994-95 ni wa mwisho, akamsimamia Izzo apewe timu, akamaliza, akahama kabisa Michigan. Alikwenda kuishi Spokane, upande wa pili wa nchi, akawa anatazama mechi za Gonzaga. Izzo akaanza kwa kushinda mechi 16 na kufungwa 16, kisha 17 kwa 12, na hakukuwa na mzee wa kurudi benchini kuokoa jahazi. Mwaka 2000 akawa bingwa.

Lakini mkataba aliosaini 2022 ni wa miaka mitano inayojirefusha yenyewe kila mwaka, kwa hiyo mwisho wake unasogea kila anapoukaribia. Pendekezo langu kwa Michigan State ni dogo na halihitaji kumtaja mrithi yeyote: kipengele cha kujirefusha kiondolewe, kibaki kipindi kimoja cha misimu miwili, naye akubali mbele ya wachezaji wake kwamba hakitaongezwa hata wakitwaa ubingwa. Msimu wa kwanza mkurugenzi wa michezo atafute mtu, ndani na nje. Msimu wa pili mtu huyo asajili kwa jina lake mwenyewe, Izzo aagwe kwa kelele zote anazostahili, kisha atafute Spokane yake.