Rambirambi za Mkwe wa Dar

Shemeji yangu anaongoza watalii Lushoto. Kwa maelezo yake, matembezi ya Usambara yako ya aina mbili: ya msitu wa Magamba, ambayo ni ya wazungu wenye buti, na ya Irente, ambayo ni ya watu wote. Ukimuuliza watu wote ni akina nani, anakuhesabia: watoto wa chekechea, wajawazito, wenye magoti mabovu, na mzee mmoja wa Kijerumani wa miaka sabini na nane aliyefika juu akauliza kama hakuna kilima kingine. Desemba tulipokwenda ukweni kwa sikukuu, shemeji alinitazama tumbo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Shemeji, kesho twende Irente. Pale hata wewe unafika."

Mke wangu akanikubalia. Daktari wa presha aliwahi kunitajia hesabu ya Shirika la Afya Duniani, dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na nyumbani kwangu mtunza hesabu ni mke. Deni langu lilikuwa la tangu Machi. Na mama mkwe alikuwa pale pale uwani, ndiyo kwanza ametua ndoo aliyopanda nayo kutoka bondeni. Mwanamume utaanzaje kusema umechoka?

Tukatoka asubuhi, mimi na sweta, shemeji na fimbo. Njia yenyewe, haki ya Mungu, sina neno nayo. Kutoka mjini ni kilomita sita hivi, sehemu kubwa barabara ya vumbi, mlima wake wa kistaarabu. Unapita mikaratusi, unapita Yoghoi, kulia matuta ya kabichi na karoti, kushoto nyumba za tofali za kuchoma. Wajerumani walipokuja huku waliuita mji Wilhelmstal, jina la mfalme wao, na ukishavuta ile hewa unaelewa kwa nini walilikimbia joto la pwani. Kila tuliyekutana naye alitusalimu. Shemeji akanifundisha kujibu kwa Kisambaa, "Niwedi", yaani mimi mzima. Nikaitikia niwedi kwa wachunga mbuzi, niwedi kwa wauza plamsi, niwedi hata kwa mtu aliyekuwa anazungumza na simu.

Irente penyewe ardhi inakatika. Umesimama kwenye mwamba, na mbele ya kidole cha mguu hakuna kitu, kama mita 1,000 kwenda chini, mpaka mashamba ya mkonge ya Mazinde na ile barabara kuu ya Moshi iliyolala kama uzi uliomponyoka fundi. Tukakaa. Tukala mkate na jibini ya huko huko, tukala plamsi, tukala na mapeasi. Nilikuwa nimelipa deni lote la Machi, na moyoni nikaanza kuhesabu riba.

Wakati wa kurudi ndipo shemeji alipotamka neno ambalo kiongozi wa watalii angepaswa kunyang'anywa leseni kwa kulitamka: mkato.

"Tukishuka hapa bondeni tunatokea nyumbani moja kwa moja. Ni hapo tu."

Alionyesha kwa mdomo. Mkono una mwisho, lakini mdomo wa Msambaa unaweza kuelekezwa hadi Korogwe.

Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaaga, na udongo mwekundu wa kule ukilowa haukanyagiki, unakuchukua wenyewe. Nilishuka tuta la kwanza kwa miguu, la pili kwa makalio, la tatu sikumbuki vizuri. Tulipoanza kupanda upande wa pili, paja la kulia likakaza. Si kukaza kwa kawaida. Niliuona msuli kwa macho yangu, chini ya suruali, ukitafuta pa kutokea. Nikaketi kwenye maharage ya watu nikapiga yowe.

Shemeji naye akapiga lake, la kuvuka bonde. Huko milimani sauti inafika pale ambapo mtandao wa simu unakata tamaa. Muda si muda vijana wanne wakachomoza na machela: miti miwili ya mkaratusi na blanketi la kijivu lililoshonewa katikati. Vitongoji ambavyo gari halifiki, hiyo ndiyo ambulensi. Inabeba wajawazito, inabeba waliovunjika, inabeba na wale wasio na haraka tena. Ina na sheria yake: ukikutana nayo unatua jembe, unaingiza bega, unapokezana na wenzako. Maswali baadaye.

Nikakataa, nikasema ni mkazo tu, utaachia. Kijana mmoja akanibonyeza paja kwa kidole gumba. Nikapanda mwenyewe.

Mara manyunyu yakaanza. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia akaona huruma, akavua kitenge chake cha mabegani akanifunika nisilowe. Mwenzake akaleta cha pili, wakanifunika mpaka usoni. Humo ndani kulikuwa na joto zuri. Machela inanesanesa, tumbo lina jibini, wabebaji wanaimba polepole. Nikapitiwa na usingizi.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Kwenye njia panda watu waliona machela, wakaona mtu kafunikwa gubigubi, wakaona shemeji yuko nyuma kainamisha kichwa. Alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu, lakini hilo nani angelijua? Wanaume wakaingiza mabega. Wanawake wakajifunika khanga vichwani, wakashika mkia wa msafara. Mtu akauliza ni nani, akajibiwa ni mkwe wa kwa fulani, yule mnene wa Dar. "Innaa lillahi," akasema, akageuza njia kuwahi kutoa taarifa. Taarifa ikatutangulia nyumbani.

Mimi niliamshwa na kilio. Nikaitambua sauti ya mama mkwe. Miaka yote ya ndoa yangu mama huyu hajawahi kuniambia zaidi ya "karibu chakula", na sasa analia ananitaja kwa wema ambao sikujua kama aliuona. Mkwe mpole. Mkwe asiye na makuu. Mkwe aliyekula kila alichowekewa. Nikaona hapa hakuna sababu ya kuharakisha kufufuka.

"Na mabati yangu aliyoniahidi!" akaendelea mama. "Bando mbili! Sasa nitamdai nani?"

Nikaona heri nijitokeze. Nikafunua kitenge, nikainua kichwa, na kwa kuwa mbele yangu alisimama bibi mmoja na mzigo wake wa kuni, akinikodolea macho, nikamjibu kwa Kisambaa changu chote:

"Niwedi!"

Kuni zikamwagika. Wabebaji wa mbele wakaachia, wa nyuma wakashikilia, nikateleza mpaka miguuni pa mama mkwe. Watoto sikuwaona tena mpaka kesho yake. Mzee mmoja tu hakukimbia. Alinisogelea, akanigusa paji la uso, akaniuliza kwa upole kama huko nilikotoka nimekutana na kaka yake.

Kulipotulia nikamwona mwenyekiti wa kitongoji chini ya mwembe, kakaa na daftari. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wa kupendeza: *Marehemu Mkwe wa Dar*. Chini yake majina na michango. Huyu elfu mbili, yule debe la mahindi, mwingine maharage kilo tatu na kuni mzigo mmoja. Nikashuka na kidole mpaka nikakuta jina la shemeji. Shilingi mia tano.

"Shemeji! Ulikuwa nyuma yangu njia nzima. Ulijua niko hai."

"Nilijua. Lakini daftari lilipita, watu wote wananitazama mimi, shemeji wa marehemu. Ningesemaje?"

"Na mia tano?"

"Si nilijua uko hai."

Nikamwomba mwenyekiti arudishe michango ya watu, kwa kuwa jambo lenyewe halikutokea. Akanitazama kama niliyetoa tusi. Akafunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa rambo lisilowe.

"Mahindi yako jikoni tayari. Hela ya msiba hairudi, mkwe. Hapa wewe umeshalipiwa. Siku yako ikifika, kitongoji hiki hakichangi tena."

Mama mkwe naye alikuwa amefuta machozi, akiulizia yale mabati, ni geji ngapi.