Waya kwanza, sabufa baadaye

Anayetaka besi kwenye gari kwa kawaida huanza na sabufa, yaani spika kubwa ya besi. Anachagua iliyoandikwa wati 2000, analipa, halafu chenji inayobaki ndiyo inayonunua waya. Naona huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu, na ndiyo sababu magari mengi yanatikisa pleti namba ya nyuma huku wimbo wenyewe hausikiki.

Chukua sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya mono (chaneli moja) ya wati 500 RMS (namba kubwa iliyo nje ya boksi iache, soma RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo). Amplifaya ya daraja D hupoteza kama asilimia 20 kwa joto, hivyo inavuta wati 625 hivi. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampea 45. Mzigo huo unataka waya wa geji 4, milimita za mraba 21, wa shaba tupu. Seti nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani umeshajua. Fyuzi ya ampea 60 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuzuia gari lisiungue pale waya utakapochubuka na kugusa bodi, kwa hiyo tundu unalopitishia waya kutoka kwenye injini nalo livishwe mpira.

Waya wa hasi ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Uwe na unene uleule wa waya wa chanya, mfupi, usizidi nusu mita, na ufungwe kwenye bati la bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, kaza, kisha paka grisi juu. Dar, Tanga au Mombasa hewa ya bahari haichelewi kuleta kutu. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Kisha pima: piga muziki wenye besi, mita ya kupimia umeme iwe kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya amplifaya. Ikizidi volti 0.2, muungano huo ni mbovu. Amplifaya nyingi zinazozimika zenyewe besi inapokolea zinaumwa hapo, na mwenye gari anauziwa amplifaya mpya bure.

Nyaya za RCA, zinazoleta sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, zipitishe upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri.

Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ukiiunga sambamba inakuwa omu 2. Ukiiunga mfululizo, omu 8. Hakikisha amplifaya inaruhusu omu 2 kabla hujafunga.

Sasa geini, kirekebisho cha amplifaya cha kuilinganisha na nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio. Watu huigeuza kama kitufe cha sauti, na hapo ndipo koili zinapoungua. Zima bass boost (nyongeza ya besi), weka ekwalaiza sifuri, chomoa sabufa, piga toni ya hezi 50 redio ikiwa robo tatu ya sauti. Pima volti za AC kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Wati 500 kwa omu 2 ni kipeuo cha pili cha 1000, yaani volti 31.6, panda polepole, ukifika hapo acha. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha, maana umeme wa nyumbani kwetu nao ni hezi 50.

Krosova, yaani vichujio vinavyogawa sauti: LPF (inayopitisha sauti za chini tu) ya sabufa hezi 80, HPF (inayopitisha za juu tu) ya spika za milangoni hezi 80. Hiyo HPF ndiyo inayosahaulika. Spika ya mlangoni ikiachiwa hezi 40 inahangaika na besi isiyoiweza, na sauti ya mwimbaji inakwaruza. Kichujio kiwashwe sehemu moja tu, kwenye redio au kwenye amplifaya. Ukiviwasha vyote viwili mteremko unakuwa mkali maradufu na linabaki shimo kati ya sabufa na milango.

Boksi la sabufa lenye tundu likiwa limetengenezwa livume kwenye hezi 35, weka subsonic (kichujio kinachokata besi ya chini mno) hezi 28 hadi 30, la sivyo koni itacheza ovyo chini ya hapo. Mwisho, kaa kiti cha dereva, mtu ageuze swichi ya fezi (mwelekeo wa mwendo wa koni) kati ya 0 na 180 wimbo ukiendelea. Palipo na mdundo mzito zaidi, acha hapohapo.