Ubani ni wa mfiwa

Huku kwetu Ngamiani, Tanga, mtu akifariki, jua halizami kabla daftari la ubani, yaani michango ya msiba, halijafunguliwa. Ni daftari la shule tu, limepigwa mistari kwa kalamu, na mzee anayelishika haliweki chini mpaka matanga yaanuliwe. Fulani 5,000. Fulani 2,000 na kilo tano za mchele. Vijana wa kijiweni 38,000. Siku ya hitima anasimama barazani na kusoma kwa sauti: kimeingia hiki, sanda imekula hiki, chakula hiki, kilichobaki hiki hapa. Mjane anakabidhiwa mbele ya macho ya kila mtu. Nimekaa kwenye majamvi hayo tangu utotoni na sijamsikia hata mara moja akisema kilichobaki kitapaka rangi msikiti. Msikiti una mchango wake. Ubani ni wa mfiwa.

Kila nikiikumbuka Kagera, nalikumbuka daftari hilo.

Jumamosi ya 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa ule. Watu 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zilianguka au kupasuka kiasi cha kutolalika. Sisi tuko upande wa pili wa nchi, lakini iliuma. Jirani yangu, mama wa Kihaya aliyeolewa hapa Tanga, alikesha akiipiga simu ya mamake aliyeko Hamugembe, haipatikani. Asubuhi ikapatikana. Bibi alikuwa migombani, kwenye mkeka. "Nyumba imesimama, mwanangu, ila siingii."

Tukachanga. Kazini kisanduku kilipita meza kwa meza. Mtaani zilikusanywa nguo, nami nikaenda kusaidia kuzipanga. Nilitoa mfukoni gauni la harusi, sweta lililotobolewa na mende, na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Nikamuuliza msimamizi, hiki nacho kinakwenda? Akanijibu, "Weka tu dada, mwenye shida hachagui." Safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kubeba kiatu kimoja! Nauli ya mzigo ule ingenunua saruji. Na mwenye shida anachagua, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichopoteza.

Pesa tulizochanga tuliziita rambirambi: redio, magazeti, viongozi, sote. Muda si mrefu zikaibuka tuhuma za akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa, na waliotuhumiwa wakaondolewa kazini. Hapo hatua ilichukuliwa haraka. Kilichoniuma ni kilichofuata. Januari 2017 Rais Magufuli alifika Kagera na kusema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, kazi yake ni kurudisha miundombinu ya umma. Hoja hiyo siidharau. Shule za Ihungo na Nyakato zilikuwa zimebomoka, wanafunzi wametawanywa, na Ihungo leo imesimama upya. Shule ni lazima ijengwe. Ila ukishapitisha kapu kwa jina la mfiwa, usiligeuze likijaa. Niambie mapema kwamba hili ni la madarasa. Ningetoa, na wengi wangetoa.

Nasikia watu wakisema mwananchi ukimpa pesa mkononi atazila. Tuitazame Nepal. Tetemeko la 25 Aprili 2015, la ukubwa wa 7.8, liliua karibu watu 9,000. Serikali yao iliamua kaya iliyopoteza nyumba ipewe ruzuku ya rupia 300,000, kwa awamu tatu. Unapokea ya kwanza, unajenga msingi, mtaalamu anakuja kukagua, ukifaulu ndipo unapata ya pili. Ilichelewa mno, na haikutosha nyumba nzima, wengine waliingia madeni. Lakini kila familia ilijua fungu lake, na fundi alijua kuna jicho linakuja. Ni daftari lile lile la mzee wetu, limeongezewa mhandisi.

Na mhandisi anahitajika hasa, maana kinachoua zaidi ni ukuta. Tofali lililoshikwa kwa udongo, bila nondo, bila ule mkanda wa zege juu ya madirisha ambao mafundi wanauita linta, ardhi ikitikisika linakurudia kichwani. Familia ikiachwa ijijengee kwa kuungaunga, itaurudisha ukuta ule ule. Sisi wa pwani tusijione tuko mbali. Usiku wa 12 Agosti 2020 tetemeko la baharini lilitutikisa, watu wakatoka nje na kanga moja, na nyumba zetu nyingi hapa ni za kukandika au za matofali yasiyo na linta.

Mamake jirani yangu alirudi kulala ndani mwaka 2019. Nyumba aliisimamisha bintiye kwa maandazi anayouza asubuhi hapa mtaani, mfuko mmoja wa saruji leo, mwingine baada ya miezi miwili. Linta ipo, alinionyesha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole ili niione vizuri. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, zile tulizochanga kazini kwetu zilifika kwa nani. Sikuwa na ukurasa wa kumsomea.